Damu Iliyotembea Kwenye Karatasi

Ulezi ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, nami nilikuwa nimeshaambiwa. Ukivunwa, pombe ikiiva, wazee watakaa uwanjani, na baada ya hapo nitarudishwa kwa baba yangu. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu watarudi kwa wakwe zangu. Mtoto atabaki. Kwetu Wakurya mtoto hufuata ng'ombe: aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye mtoto, na mgongo uliombeba hauulizwi.

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana, ndiyo kwanza anajua kukimbiza kuku, na siku nyingi hata kuku walimshinda. Vidole vilimvimba kama ndizi zilizoiva. Macho yakawa ya manjano. Mawingu yakikusanyika upande wa ziwa, kabla hata upepo haujabadilika, yeye alikuwa ameshashika magoti analia. Kabla yake nilizika wavulana wawili kwa ugonjwa huo huo. Dawa yake niliyoijua ilikuwa moja tu: nimfunge mgongoni nitembee. Nikikaa alilia. Nikitembea alinyamaza. Basi nikatembea. Nilimenya viazi nikitembea, nilikula nikitembea, nilizunguka uwanja wa boma mpaka miguu yangu ikachora njia ambayo haikwenda popote.

Mama mkwe wangu alikuwa na ulimi wa kukatia kuni. Alikaa mlangoni kwake akinitazama ninavyozunguka.

"Tumbo lako ni fisi," alisema. "Linazaa, halafu linakula."

Wanawake wengine wangeinamisha uso. Mimi sikuumbiwa hilo. "Fisi mlimfuata wenyewe kwetu, mama," nilimjibu. "Mkamchagua mchana, jua linawaka."

"Subiri ulezi."

"Nasubiri."

Lakini sikuwa nasubiri. Mtu anayesubiri hukaa.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa asubuhi kutoka kwetu upande wa Matongo, nami nilikuwa nikifua mashuka pale. Msimu ule wa ulezi akaja mama mmoja wa Kizungu, mrefu, pua imebabuka kwa jua, akapewa chumba cha nyuma. Alikuja na dereva wake, Mwislamu wa Tarime mjini, ambaye wazee wake walitoka pwani na Kiswahili chake kilikuwa laini kama siagi. Yule mama alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji na chumvi tu. Mengine yote dereva alimgeuzia. Walileta masanduku ya vioo, betri za gari, nyaya, na karatasi. Karatasi nyeupe, nene, za kunyonya maji, zimekatwa vipande virefu kama mikanda. Sisi tukamwita mama wa karatasi.

Nilimpenda kwa jambo moja. Naye hakukaa. Alikunywa chai amesimama, kikombe mkononi, akitembea kutoka dirishani mpaka mezani na kurudi. Mganga wa zahanati alimwekea kiti, kikageuka mahali pa kuwekea kofia.

Nikamwuliza dereva, "Huyu anatafuta nini?"

"Anasoma damu."

Nilicheka mpaka beseni likanitoka. Damu tunaijua, bwana. Tunaitoa shingoni kwa ng'ombe, tunachanganya na maziwa, tunakunywa. Sasa kusoma kunaingilia wapi?

Siku moja nilitundika shuka jeupe na kaniki yangu kwenye kamba moja, vyote vibichi, vikagusana. Rangi ya kaniki ikaanza kupanda kwenye shuka. Nikasikia viatu vinakuja mbio, nikajua leo kazi imeisha. Kumbe yule mama hakuniona hata kidogo. Alichuchumaa mbele ya shuka, pua karibu iguse, akitazama ule weusi unavyopanda na kuachana: weusi umebaki chini, buluu imetangulia, na mbele kabisa kuna wekundu kidogo ambao sikujua kama kaniki ina wekundu.

Akamwita dereva. Akasema maneno mengi, haraka.

"Anasema hivi ndivyo alivyoanza," dereva akanigeuzia. "Baba yake alikuwa mtia rangi nguo. Alipokuwa mtoto aliona rangi moja ikipanda kwenye kitambaa kibichi inagawanyika kuwa nyingi, kila moja na mwendo wake. Akajiuliza, je, na damu?"

Basi nikamjua kidogo kidogo, kwa vipande, kwenye kamba ya nguo. Alisoma akawa mtu wa maabara. Huko kwao wakubwa walimpa chumba chini ya ngazi, karibu na tanuri la kupasha nyumba moto. Walimwambia vitu vinavyojenga mwili wa mtu, wekundu wa damu na nyama na vingine, ni kama uji: vimechanganyika tu, havina mpangilio, asipoteze maisha yake kwa hayo. Yeye akakataa. Alinishika shanga za shingoni, bila kuomba ruhusa, akazivuta mpaka zikaninyonga.

"Anasema si uji, ni hizi," akasema dereva. "Nyekundu, nyeupe, nyeupe, buluu. Kila moja na mahali pake. Anataka chombo cha kuzisoma moja baada ya moja, kutoka kichwani mpaka mkiani. Hana bado. Alicho nacho kinatambua tu kwamba kamba hii si sawa na ile."

"Na akikosa?"

Dereva akauliza. Yule mama akajibu neno fupi, akacheka bila furaha.

"Anasema akirudi mikono mitupu watampa kazi ya kuwaoshea vyombo."

Nikamtazama vizuri. Kumbe naye ana ulezi wake unaoiva.

Chombo chake kilikuwa hivi. Tone la damu liliwekwa kwenye ule mkanda wa karatasi, ncha zikaingizwa kwenye maji ya dawa ndani ya sanduku la kioo, betri zikaunganishwa. Umeme ulisukuma wekundu wa damu ukatembea kwenye karatasi, polepole kama konokono. Mikanda ilikaushwa kwenye kamba yangu, kwa vibanio vyangu, nami nilifukuza nzi na vumbi la ng'ombe. Damu ya mtu mzima mwenye afya ilifanya mstari mmoja, mbele. Damu yenye ugonjwa wa mtoto wangu ilifanya mstari mmoja pia, lakini nyuma. Ilikuwa nzito kutembea.

Alinitoboa kidole mimi na mtoto. Mtoto: mstari mmoja, nyuma. Mimi: miwili, wa mbele na wa nyuma.

Nilisimama mbele ya ile kamba. "Kwa hiyo ni kweli," nikasema. "Ni mimi."

"Ngoja," dereva akasema. Yule mama alikuwa amenishika mabega, anatikisa kichwa. "Anasema mstari wa nyuma mmoja hauui. Wewe unao na unabeba mabeseni kama punda. Ugonjwa unakuja mtoto akipewa na mama na akipewa na baba. Pande zote mbili. Mume wako lazima naye anao. Mlete atobolewe."

Nilivuka mto siku ile bila kukumbuka kupandisha nguo. Pande zote mbili! Kama ni hivyo, wazee watanirudisha kwa kosa gani?

Mume wangu alikuwa mtu mpole, mwenye kumpenda mtoto, lakini mbele ya baba yake alikuwa kama kivuli saa sita. Nilipomweleza alimtazama baba yake. Na baba mkwe wangu, mzee mwenye boma kubwa na sauti ndogo, akasema, "Mwanangu hatobolewi na mwanamke."

"Tata," nikasema, "ni tone tu. Wamenipa chupa hii na sindano. Atajitoboa mwenyewe."

Mzee aliichukua chupa akaiangalia juani. Ndani mlikuwa na dawa kidogo ya kuzuia damu isigande. "Wanataka damu ya mwanangu?"

"Ndiyo, tata."

"Watapata. Kesho."

Kesho yake alinipa chupa imejaa mpaka shingoni. Nilikuwa nimeomba tone. Nikajisemea, wanaume hawa, hata kutoa damu lazima washindane. Nikakimbia nayo.

Mama wa karatasi akaweka tone kwenye mkanda, umeme ukasukuma. Nilizunguka zahanati na mtoto mgongoni mpaka mganga akasema namtia kizunguzungu. Karatasi ilipotoka, yule mama aliitazama, akaigeuza, akaweka nyingine. Na nyingine. Kisha akamwambia dereva kitu kwa sauti ya chini, na dereva, mtu wa maneno yote yale, akatazama nje dirishani.

"Sema," nikasema.

"Dada yangu..."

"Sema!"

"Mume wako hana mstari wa nyuma. Mstari wake uko mmoja, na uko mahali pengine kabisa." Akajikuna shingo. "Sasa mama anauliza, na anaomba radhi kuuliza. Huyu mtoto... baba yake ni yule yule?"

Nilitema mate chini, karibu na kiatu cha yule mama. Halafu nikamvua mtoto mgongoni nikamsimamisha mezani, katikati ya vioo vyake. "Mtazame masikio. Mtazame kidole cha mguu kilichopanda juu ya mwenzake. Halafu nenda boma kwetu ukamtazame mume wangu. Mimi nina ulimi mrefu, nina kiburi, nimewahi kumrushia mama mkwe wangu mwiko. Lakini hilo sijafanya."

Dereva aligeuza, sijui kama aligeuza na mwiko. Yule mama alimtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akaanza kutembea: dirishani, mezani, dirishani. Kisha akasimama, na uso wake ukawaka.

"Anakuamini," dereva akasema. "Na kama wewe husemi uongo, na karatasi haisemi uongo, basi damu ya mume wako ni ya namna ambayo haijawahi kuonekana. Damu mpya. Anasema hii inaweza kumtoa chini ya ngazi."

Siku ile ile alikwenda Musoma kupeleka simu ya maandishi kwa wakubwa wake. Akapitia Issenye na Nata kutoboa watu zaidi, akitafuta mwingine mwenye damu kama ile. Hakumpata.

Nami nikabaki na dereva aliyekuwa na mdomo usio na kifuniko. Sijui alimwambia nani, labda alimwambia gari tu na gari likasikika. Siku ya gulio kila mwenye kuuza mihogo alikuwa akijua kwamba karatasi ya Mzungu imesema mtoto si wa mume wangu. Mama mkwe wangu alirudi kutoka sokoni akaweka kikapu chini.

"Hata ulezi hatungoji," akasema. "Keshokutwa wazee wanakaa."

Mume wangu hakunitetea. Hiyo iliniuma kuliko maneno. Alimchukua mtoto akamkalisha pajani, akawa anamshika kile kidole cha mguu, anakishusha, kinapanda tena.

Nilipima njia mbili kichwani. Ya kukimbia na mtoto: wangenifuata na mikuki kabla sijafika mtoni. Ya kumwacha: nani atatembea naye? Mama mkwe wangu mwenye nyonga mbovu? Mwanamke mwingine atakayeletwa, ambaye ataona anambeba mtoto wa fisi? Atawekwa chini. Atalia mpaka achoke. Nilizunguka uwanja ule siku nzima nikitafuta njia ya tatu na sikuiona.

Wazee wakaja. Wakakaa. Pombe ilikuwa changa lakini waliinywa hivyo hivyo kwa mirija. Ndipo gari likalia nje ya uzio, na mama wa karatasi akashuka na dereva wake. Alibeba sukari na majani ya chai kama mtu anayekuja kuposa.

"Shikamooni wazee," dereva akasema.

"Marahaba," wakajibu, wengine wakitazama sukari.

"Mama huyu amekuja kwa heshima. Anasema katika boma hili kuna mwanamume ambaye damu yake haina mwenzake. Anaomba kumwona. Na kama mzee atakubali, anaomba damu zaidi."

Baba mkwe wangu alifuta mdomo. Alionekana kufurahi sana. "Zaidi? Mbona ni jambo dogo." Akamgeukia mwanawe. "Mura! Lete kamba ya ngozi na upinde."

Mume wangu akaenda. Lakini hakurudi peke yake. Alirudi anaongoza dume la ng'ombe.

Lilikuwa dume jekundu lenye nundu kubwa. Shingoni lilikuwa na kidonda kibichi kilichozibwa kwa samadi. Vijana wawili walilishika pembe, kamba ikafungwa shingoni, mshipa ukavimba, na baba mkwe wangu akachukua ule mshale mfupi wenye kizuizi ili usizame, akaupiga. Damu ikaruka ndani ya kibuyu. Dume halikutikisika. Mzee akakinyanyua kibuyu kwa mikono miwili, akamnyooshea yule mama.

Nzi wakakizunguka.

Halafu dereva akaanza. Ilianza kama kikohozi, akashika uzio, akashuka chini taratibu mpaka akakaa mavini, machozi yanamtoka. "Mama yangu wee! Umeolewa na ng'ombe! Dada, mume wako ng'ombe!"

"Mwambie anieleze!" yule mama alisema, kwa Kiswahili chake mwenyewe, mara ya kwanza nasikia amepata sentensi nzima.

Baba mkwe wangu hakuona cha kuchekesha. Aliongea kama mtu anayemfundisha mgeni mahali pa kupita. "Damu ya mwanangu ilimwagika mara moja, siku aliyotahiriwa, mbele ya watu, na hakupepesa jicho. Haimwagiki mara ya pili kwa ajili ya chupa. Siku ile nilimpa dume hili, likiwa ndama. Wamekua pamoja. Akiugua yeye, lenyewe halili. Nikiapa kwa ajili yake, naapa kwa dume lake. Mlitaka damu yake. Nimewapa ile ambayo ni yake na iko tayari kutoka. Nimedanganya wapi?"

Na kwa kweli hakudanganya. Kila mzee pale aliitikia kwa kichwa.

Dereva alipomaliza kugeuza, yule mama alikaa. Ndiyo, alikaa, chini, kwenye vumbi, suruali yake na yote. Damu yake mpya ya dunia ilikuwa ya ng'ombe, na habari imeshafika kwa wakubwa wake. Alifunika uso kwa mikono. Nikadhani analia. Kumbe kicheko ndicho kilikuwa kinatafuta njia, kikatoka, kikawa kikubwa, na wazee nao wakacheka kwa adabu bila kujua wanachochekea.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona njia ya tatu.

Nilisimama mbele ya mume wangu, wazee wote wanasikia, jambo ambalo mwanamke hafanyi. "Dume lako limepigwa mshale shingoni mara mbili kwa ajili ya mtoto wako," nikasema, "halikupepesa jicho. Wewe unaombwa kidole."

"Nyamaza, fisi," mama mkwe wangu akasema.

"Kidole, mama! Au uliniozesha kwa yule mwenye pembe?"

Mzee mmoja akacheka kwenye mrija wake, pombe ikabubujika. Mume wangu alimtazama baba yake. Nikajua nimekwisha. Lakini kisha akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akapita mbele ya baba yake bila kuomba njia, akanyoosha mkono kwa yule mama. Hakupepesa.

"Na mimi!" Mama mkwe wangu alikuwa amesimama, anasukuma watu. "Mnitoboe na mimi. Muone damu safi inafanana vipi, halafu muilinganishe na ya huyu."

Wazee wakaahirisha. Walisema watarudi karatasi ikikauka. Nadhani walitaka pia kuona mchezo utaishaje.

Basi kamba yangu ya nguo ikaamua. Mama wa karatasi aliposhusha mikanda ile aliniita mimi kwanza, kabla ya dereva. Hakuhitaji kugeuziwa. Mume wangu: miwili, wa mbele na wa nyuma, kama wangu. Mama mkwe wangu: miwili.

"Sasa umejua," nikamwambia mama wa karatasi. "Mtibu mtoto."

Dereva akageuza. Yule mama akafungua mikono, mitupu. "Sijui," akasema kwa Kiswahili. "Bado."

Nilitaka kumchukia. Sikupata nafasi, mtoto alikuwa ameanza kulia, nikaanza kutembea.

Tulikwenda bomani na mikanda yote, ya mtoto, yangu, ya mume na ya mama yake. Yule mama akaitandika kwenye ngozi mbele ya wazee. Wazee hawakusoma vitabu, lakini mistari ni mistari. Mtu anayetambua ng'ombe wake kwa alama ya sikio hashindwi na hilo. Waliinama, wakaifuatisha kwa vidole. Mzee mmoja akasema, "Lakini ng'ombe tayari tulikuwa tumepanga warudi." Na wengine wakaguna, maana mpango wa ng'ombe ukishaanza kutembea si rahisi kuusimamisha.

Mama mkwe wangu alikuwa anautazama mkanda wake. Alinyoosha kidole, hakuugusa.

"Huu wa nyuma ni wangu?"

"Ni wako, mama," dereva akasema.

"Nilizika wanne kabla ya huyu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kukatia kuni. "Vidole vilivimba. Macho manjano. Na mama yake huyu mzee," akamwonyesha mumewe kwa kidevu, "aliniita fisi mpaka siku aliyokufa."

Sikuwahi kuambiwa. Hata mume wangu hakujua. Walizikwa kabla yake na boma halikutaja.

Akasimama kwa ile nyonga yake. "Mkimrudisha huyu, mnirudishe na mimi. Kosa ni moja. Baba yangu alishakufa, mtatafuta wenyewe mahali pa kunipeleka. Na ng'ombe wangu walikwishaliwa."

Baba mkwe wangu aliinua uso kama mtu aliyepigwa na tawi njiani. Wazee wakatazamana. Kisha mmoja akaomba mrija, na mwingine akauliza kama ile sukari imebaki. Hivyo ndivyo kwetu shauri linavyokufa.

Mama mkwe wangu alinijia nikiwa nazunguka uwanja. Akageuza mgongo, akainama. "Lete. Pumzika kidogo."

"Nyonga yako, mama."

"Nimesema lete. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kutembea?"

Mama wa karatasi aliondoka, akapeleka simu nyingine kwa wakubwa kwamba damu mpya ni ya ng'ombe. Dereva aliniambia walimcheka mpaka barua zikacheka. Hakufukuzwa, alirudishwa tu kwenye chumba kile cha ngazi. Nilifikiri sitamwona tena. Lakini baada ya mavuno kadhaa gari lilikuja, na hata kabla halijasimama alikuwa ameshafungua mlango.

Safari hii karatasi hazikuwa mikanda, zilikuwa pana kama mashuka. Alikuwa amejifunza kuikata ile kamba ya damu vipande vipande kwa dawa, na kuvitembeza kwenye karatasi mara mbili, kwanza huku na kisha kule, mpaka vikasimama kama madoa ya zambarau, kila kimoja mahali pake. Alitundika mbili kwenye kamba yangu: damu yenye afya na damu ya ugonjwa. Madoa mengi, yote yanafanana. Isipokuwa doa moja. Lilikuwa limehama.

"Anasema ni ushanga mmoja," akasema dereva, ambaye sasa alikuwa na mvi. "Kamba yote nzima ni sawa, ushanga mmoja umebadilishwa. Hicho ndicho kinachomliza mtoto."

Nilishika shanga zangu. Mmoja tu. Nilikasirika kuliko ningeambiwa ni yote.

Alitundika na ya tatu, ya lile dume jekundu. Ile chupa hakuitupa. Madoa yake yalikaribia sana yale ya mtu, kumbe, hitilafu hapa na pale. Baba mkwe wangu, mkongojo mkononi, aliitazama, akaitazama ya mtu, akaguna.

"Niliwaambia," akasema. "Ninyi ndio mmezidi kuchambua."

Yule mama aliendelea na kazi yake, nasikia mpaka akapata chombo cha kusoma ushanga baada ya ushanga. Nilizaa tena. Wengine walisimama wakakua, na mmoja wa wajukuu wangu, msichana mwenye kidole cha mguu kilichopanda juu ya mwenzake, sasa yuko kwenye maabara ya mjini ambako mashine inasoma mpaka mbegu yenyewe ya mtu, ile inayotoa amri ya shanga. Nikimwuliza kama amechoka anasema, bibi, sijakaa tangu asubuhi. Najivuna, siwezi kuficha.

Binti yangu yule wa mgongoni hakumngoja mjukuu huyo. Yule mama aliporudi na yale mashuka ya karatasi, mtoto alikuwa bado hai, mrefu, mwembamba, anamcheka dereva. Alikufa masika yaliyofuata. Alikuwa mzito sana kubebwa na nilimbeba. Bibi yake alitangulia mbele na mkongojo, akitufungulia njia kati ya mbuzi, mimi nyuma, tukizunguka ule uwanja, na mtoto alinyamaza mgongoni kwangu na si mgongoni kwa mtu mwingine. Tulizunguka bado kitambo, mimi na bibi yake, kabla hatujathubutu kusimama.

Wajukuu wananiwekea kiti. Ni kizuri, kina mto. Lakini mawingu yakikusanyika upande wa ziwa, miguu yangu huanza yenyewe, na kiti wanakuta kimekaliwa na kuku.